Kontroli Hasi Inaposhikana: Mwongozo Kamili wa Kusoma Vipimo vya Kingamwili Kwenye Benki ya Damu

Ilikuwa Julai, saa nane usiku, na baridi ya Tabora ilikuwa imeshaingia mpaka kwenye vigae vya maabara. Sista wa wodi ya wazazi alikuja mwenyewe, hakumtuma mtu, akiwa na tyubu ya kofia ya zambarau mkononi. Mama amejifungua mtoto wa nne, damu haikati, wanataka uniti mbili. Nikapima kwa dawa za kingamwili, moja kwa kila alama ya grupu, nikisoma mshikamano wa chembe kutoka 0 hadi +4. Anti-A imeshika +2. Anti-B, +2. Anti-D, ile ya kusema chanya au hasi, +4. Kijana niliyekuwa naye zamu akaanza kuandika AB chanya kwenye daftari. Nikamwambia, "Mdogo wangu, weka kalamu kwanza. Nyanyua hiyo tyubu ya nne." Ya nne ndiyo kontroli: chembe za mgonjwa na albumini tupu, hakuna kingamwili yoyote ndani. Akaitikisa taratibu mbele ya taa. Ikaachia vipande vipande. +2.

Mama yule hakuwa AB. Alikuwa O chanya, na uniti ya AB ingeweza kumuua kabla hakujakucha.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaoshika zamu peke yao, Urambo, Nzega, Kasulu, Kibondo, kokote ambako hakuna bingwa wa kumgongea mlango usiku. Tunafundishwa vizuri kusoma tyubu za A, B na D. Kuisoma kontroli tunafundishwa kwa sentensi moja: "lazima iwe hasi." Isipokuwa hasi je? Hapo ndipo wengi wanabaki wameduwaa, au, mbaya zaidi, wanaipuuza.

Kwanza: usitoe jibu, wala usifanye hesabu ya kutoa

Kontroli ikishikana, tyubu zote zilizopimwa pamoja nayo hazisomeki. Si kwamba zina shaka kidogo. Hazisomeki kabisa. Nimewaona watu wazuri kwenye kazi wakifanya hesabu kichwani: "D ni +4, kontroli ni +1, basi D ipo." Kwa mama wa Julai macho yangu pia yalishaona kuwa D ina nguvu kuliko nyingine, na kweli mwishoni ikawa hivyo. Lakini huo ni mnong'ono tu, si jibu la kumwekea mtu damu mwilini. Chembe zinazoshikana zenyewe bila kuguswa na dawa zitashikana ndani ya dawa yoyote utakayoweka, na huwezi kujua ni kiasi gani cha hiyo +4 ni cha dawa na kiasi gani ni cha chembe zenyewe.

Wakati huohuo mpigie daktari. Usimwache akisubiri jibu ambalo hujui litatoka saa ngapi. Mwambie maneno machache: grupu halijathibitishwa, kontroli imeshikana, naendelea kutafuta sababu, kama mgonjwa hawezi kusubiri, tuanze na chembe za O. Kwa msichana au mwanamke ambaye bado anaweza kuzaa, O hasi kama ipo kwenye friji. Ikiwa haipo na maisha yanaponyoka, uamuzi wa kutoa O chanya ni wa daktari, na auandike kwa saini yake. Na kabla uniti yoyote haijaingia, hakikisha una sampuli ya kutosha ya mgonjwa. Ukishamwekea damu ya O, kipimo cha kesho kitakuwa na chembe za watu wawili.

Jua ni kontroli ipi iliyoshikana

Neno ni moja, lakini tunalitumia kwa vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kinasema habari yake.

Kuna kontroli ya kupima grupu: chembe za mgonjwa pamoja na kimiminika kisicho na kingamwili, ama kile kilichotengenezwa na kiwanda kiende na anti-D yako, ama albumini ya ng'ombe ya asilimia 6 hadi 8. Ikishikana, chembe zenyewe zina tatizo, au kuna kitu kimezizunguka.

Kuna kontroli ya salaini kwenye kipimo cha Coombs cha moja kwa moja: chembe zilizooshwa na salaini tu, bila AHG (dawa inayotafuta kingamwili za binadamu juu ya chembe). Ikishikana, kipimo kizima cha Coombs ni batili, hata kama tyubu ya AHG imeshika kama jiwe.

Na kuna ile ya mgonjwa kwa mgonjwa: plazima yake na chembe zake mwenyewe, inayokwenda sambamba na uchunguzi wa kingamwili au krosimachi (kulinganisha damu ya mgonjwa na ya uniti). Hii ikishika haibatilishi kipimo. Yenyewe ni matokeo, na nitaieleza chini.

Sasa kuna jambo linalowapita wengi. Anti-D za kisasa zina protini kidogo, kwa hiyo vituo vingi haviweki kontroli ya grupu kabisa. Mara nyingi hakuna madhara, maana mgonjwa wa A chanya ana tyubu ya anti-B iliyobaki hasi, na hiyo inasimama badala ya kontroli. Mgonjwa wa O chanya anazo mbili. Mtego uko kwa AB chanya peke yake, ambapo tyubu zote tatu zimeshika na hakuna hata moja ya kukuambia kuwa chembe zinaweza kukaa bila kushikana. Kwa hiyo, kila unapoona AB chanya, weka kontroli. Kila mara. Tone moja la albumini, tone moja la chembe. Ni kazi ya dakika moja.

Tenga: ni mgonjwa au ni benchi?

Kabla ya kuwaza magonjwa, chukua chembe za mtu mwingine unayemjua grupu, zako mwenyewe ukiwa huna nyingine, uziweke kwenye kontroli ileile na uzungushe kwenye mashine ileile. Zikishikana nazo, tatizo si la mgonjwa. Angalia salaini: imefunguliwa lini? Chupa iliyokaa wazi siku kadhaa huota bakteria, na hata kabla haijapata utando inaweza kukuvurugia kipimo. Angalia tyubu, kama zimeoshwa kwa sabuni na hazikusuuzwa vya kutosha. Angalia sentrifyuji: ukizungusha kwa kasi kubwa au muda mrefu kupita kiasi, kitone cha chembe kinajibana chini na hakifunguki kirahisi, nawe ukidhani ni mshikamano. Sekunde 15 hadi 30 zinatosha, kulingana na mashine yako na kasi yake. Angalia dawa: ikiwa imeingiza uchafu, ina ukungu au imebadilika rangi, itupe.

Chembe za mtu mwingine zikikaa shwari huku za mgonjwa zikishikana, ugomvi uko ndani ya sampuli. Tazama kama ina nyuzi za damu iliyoganda nusu. Uzi mdogo wa fibrini ndani ya tyubu hukamata chembe na kufanana na +1. Ndiyo maana kwa chembe ninapendelea kofia ya zambarau, yenye dawa ya kuzuia damu kuganda, kuliko nyekundu.

Wanaopima kwenye kigae cheupe wana adui mwingine. Kigae cha saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Juni au Julai huwa cha baridi kweli, na kingamwili za baridi, zile zinazofunga chembe zikipoa, hupenda hapohapo. Upande wa pili, saa saba mchana wa Oktoba tone linakauka pembeni na ukingo uliokauka unaonekana kama mshikamano. Soma ndani ya muda ulioandikwa na mtengenezaji wa dawa, na kwa mgonjwa yeyote mwenye utata achana na kigae, hamia kwenye tyubu.

Angalia kwa hadubini

Hili ndilo jicho linalokuokolea muda. Tone moja kwenye slaidi, kifuniko juu, lenzi ya kumi halafu ya arobaini.

Ukiona chembe zimepangana mgongo kwa tumbo kama sarafu ndani ya mkunjo wa karatasi, mistari mirefu inayopinda, hizo ni safu za sarafu. Si kazi ya kingamwili. Zinatokana na protini nyingi kwenye plazima: mgonjwa wa saratani ya uboho, mwenye maambukizi ya muda mrefu, aliyewekewa maji ya dekstrani. Ukiona mkungu, chembe zimegandamana hovyo kila upande kama zabibu, huo ni mshikamano wa kweli, na kuna kitu kinachozifunga.

Mwenzangu mmoja wa Kasulu alinitumia picha ya hadubini kwa simu mwaka juzi, akaniuliza kama ni kingamwili. Safu zilikuwa zimenyooka kiasi kwamba ningeweza kuzihesabu. Nikamwambia atafute protini ya mgonjwa, si kingamwili.

Kwa safu za sarafu dawa ni rahisi. Upande wa chembe, zioshe kwa salaini, plazima iondoke, zitaachana. Upande wa plazima, unapopima kinyume, yaani plazima ya mgonjwa kwa chembe za A na B zinazojulikana, fanya ubadilishaji wa salaini: zungusha tyubu, nyonya plazima yote kwa pipeti pasipo kugusa chembe chini, weka matone mawili ya salaini, changanya, zungusha tena, soma. Mshikamano wa kweli utabaki. Safu zitatawanyika. Na zisikutishe kwenye hatua ya AHG, kwa sababu pale plazima imeshaoshwa.

Osha kwa salaini ya moto

Ukiona mkungu, mtuhumiwa wa kwanza ni kingamwili za baridi, za aina ya IgM. Kila mtu anazo kidogo. Kwa wengine zinapanda, hasa baada ya maambukizi ya kifua, na zikikutana na tyubu iliyopoa zinafunga chembe zote za mwenyewe. Mama wa Julai alikuwa akikohoa wiki mbili kabla ya kujifungua; sista ndiye aliyeniambia nilipouliza.

Hatua zake ni hizi, na usiruke hata moja. Weka chupa ya salaini ndani ya beseni la maji la 37 hadi ipate joto hilo. Pima kwa kipimajoto, usikisie kwa kidole. Weka tyubu ya sampuli humohumo dakika 10 hadi 15. Chukua chembe chache, jaza salaini ya moto, changanya, zungusha, mwaga. Rudia mara nne. Kila raundi chukua salaini kutoka kwenye beseni, si kutoka kwenye chupa iliyoachwa mezani, kwa sababu kosa linalojirudia ni kuosha raundi ya kwanza kwa moto na tatu za mwisho kwa baridi. Kisha tengeneza mchanganyiko mpya wa asilimia 2 hadi 5, rangi ya juisi ya nyanya iliyochujwa, na upime upya A, B, D na kontroli.

Usiku ule kontroli ilirudi hasi. Anti-A ikawa sifuri, anti-B sifuri, anti-D ikabaki +4. Nilikaa na zile tyubu mkononi, nikamtazama yule kijana, naye akakata mstari juu ya AB aliyokuwa ameanza kuiandika, akaweka saini na saa pembeni, kama inavyotakiwa.

Kazi haikuisha. Upande wa plazima ulikuwa bado unashika chembe za A, za B na hata za O, na chembe za O hazina A wala B za kushikwa. Kwa hiyo ongeza siku zote tyubu ya chembe za O kwenye kipimo cha kinyume penye utata. Nilipasha moto plazima na chembe kila moja peke yake, nikazichanganya zikiwa moto, nikaziacha kwenye 37 na kuzisoma haraka. A ikashika, B ikashika, O ikaachia. Pande zote mbili zikakubaliana: O chanya. Krosimachi nikaifanya kwa njia hiyohiyo ya moto hadi AHG, na uniti zikatoka na karatasi inayosema mgonjwa afunikwe vizuri, na damu ipite kwenye kifaa cha kupashia kama kipo. Kamwe si kwenye ndoo ya maji ya moto wala juani, chembe zitapasuka.

Salaini ya moto isiposaidia

Omba sampuli mpya, na safari hii isipoe hata kidogo. Hapa tunatumia chupa ya chai: maji ya nyuzi 37 ndani, tyubu ya zambarau ikiwa kwenye mfuko mdogo wa plastiki uliofungwa, kutoka kitandani moja kwa moja hadi kwenye beseni. Itenganishe ikiwa ya moto. Mara nyingi hili peke yake linamaliza ugomvi.

Ikigoma bado, kuna kemikali ya DTT ya nguvu ya 0.01 M inayovunja IgM: kiasi sawa cha chembe na dawa, dakika 15 kwenye 37, kisha kuosha. Si kila hospitali inayo. Ndiyo maana nasisitiza kujua mapema ni nani wa kumpigia.

Uwezekano wa pili ni chembe zilizofunikwa kwa kingamwili nyingi mno za aina ya IgG, kama kwa mgonjwa ambaye mwili wake unavunja damu yake wenyewe. Hizi kwenye dawa za zamani zenye protini nyingi hushikana zenyewe. Tumia anti-D yenye protini kidogo, na kontroli yake ya kiwanda kilekile. Kipimo cha D dhaifu kwa mgonjwa huyu usikifanye kabisa: kinapitia AHG, na AHG itashika IgG iliyopo tayari, D iwepo isiwepo.

Kwa damu ya kitovu cha mtoto, ute wa kitovu ndio unaozinatisha chembe. Osha mara nyingi zaidi, hata mara sita, na uombe sampuli ivutwe kwa sindano kutoka kwenye mshipa, kitovu kisikamuliwe.

Coombs na salaini yake

Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1945 na Robin Coombs, Arthur Mourant na Robert Race, na msingi wake haujabadilika: AHG hutafuta kingamwili za binadamu zilizokaa juu ya chembe. Kwa kuwa inatafuta kingamwili yoyote ya binadamu, tone dogo la plazima lililobaki kwa kuosha vibaya litaimaliza nguvu na utapata hasi ya uongo. Ndiyo sababu tyubu yoyote ya AHG iliyosomeka hasi lazima iongezwe chembe zilizopakwa IgG, na lazima zishike. Zisiposhika, rudia. Hapo uangalifu ni wa upande wa pili: hii ni kontroli ambayo *inatakiwa* kushika.

Salaini ikiwa hasi na AHG chanya, soma: chembe zimebeba kitu. Tenganisha kwa anti-IgG na anti-C3d (ya C3d, kipande cha protini za kinga za komplimenti) kama unazo. C3d peke yake inaelekeza kwenye kingamwili za baridi. IgG, kwenye zile za joto, au mmenyuko wa damu aliyowekewa karibuni, au, kwa mtoto mchanga, kingamwili za mama. Kwa huku kwetu kumbuka pia malaria na dawa alizotumia. Coombs chanya si ugonjwa kwa jina. Iulize kama hemoglobini inashuka na kama macho yana manjano.

Salaini ikishika, rudi kwenye maji ya moto. Usiandike "Coombs chanya". Andika "batili, sampuli mpya inahitajika".

Mgonjwa kwa mgonjwa

Uchunguzi umeshika na mgonjwa kwa mgonjwa hasi: ana kingamwili dhidi ya damu ya wengine. Uliza mimba ngapi, uniti ngapi maishani. Watoto wetu wa selimundu, wanaowekewa damu tangu wadogo, ndio wanaobeba nyingi.

Vyote viwili vimeshika: hapa pana hatari, na hapa ndipo ningependa usome mara mbili. Inaweza kuwa kingamwili dhidi yake mwenyewe. Inaweza kuwa hiyo pamoja na nyingine iliyojificha chini yake. Na kama aliwekewa damu wiki chache zilizopita, "chembe zake" unazopima ni pamoja na za mchangiaji, na unachokiona kinaweza kuwa mmenyuko uliochelewa. Swali la kwanza kitandani basi si la maabara: *Ulishawekewa damu ndani ya miezi 3?* Akisema ndiyo, usijaribu kuondoa kingamwili kwa kutumia chembe zake mwenyewe, maana chembe za mchangiaji zilizomo zitanyonya hata ile unayoitafuta.

Njia ya moto kwenye uchunguzi wa kingamwili nayo ina mpaka. Ni ya kuthibitisha baridi uliyokwisha kuitambua. Ukiitumia kufuta kila kitu usichokielewa, kuna kingamwili dhaifu za hatari zitakazopotea pamoja na zile za baridi.

Unachoandika, na unakopeleka

Daftari lipate kila nguvu uliyoisoma, pamoja na ya kontroli, kabla na baada ya kuosha, joto la chumba, na saa. Kwenye faili la mgonjwa bandika onyo linaloonekana, ili wa zamu inayofuata asianze upya gizani.

Ukikwama, kituo cha kanda ya magharibi cha Damu Salama kiko hapa Tabora mjini. Piga simu kwanza uulize wana nini siku hiyo. Andaa tyubu za zambarau mbili au tatu zilizojaa na nyekundu moja, majina yakiandikwa kitandani kwa mkono, si mezani. Pamoja nazo weka karatasi yenye umri, ujauzito, tarehe za damu alizowekewa, dawa anazotumia, hemoglobini ya leo na ya jana, na matokeo yako yote, hata yale yaliyokuchanganya. Chembe zilizokwisha kutenganishwa zikiwa moto ziende kwenye chombo chake, plazima kwenye chake, na kila kimoja kiandikwe kilitenganishwa kwenye nyuzi ngapi.